Kabla ya kununua msasa, soma namba ya chesisi ya gari

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na wasomaji wanaotaka kununua gari la zamani kwa mara ya kwanza. Mimi ni fundi wa bodi na rangi. Rangi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo mtu asidhani nina ugomvi nayo nikisema kwamba gari la miaka 50 ambalo bado lina rangi yake ya kiwandani, hata kama imechujuka, msiniletee. Nikishapitisha msasa hapo, hiyo rangi haipo tena, na hakuna pesa ya kuirudisha.

Ukurasa wenu wa magari huchapisha yale yanayong'aa tu. Mnunuzi mgeni anaona, anaamini ndivyo linavyotakiwa kuwa, na kesho yake yuko gereji: "Fundi, lifanye jipya." Namuuliza ni gari gani hasa, la mwaka gani. Ananyoosha hati.

Hati peke yake haitoshi. Kijana mmoja alikuja na Volkswagen Beetle iliyoandikwa 1957, na alikuwa mbioni kuagiza vipuri vya zile zenye kioo cha nyuma cha duaradufu. Nikazunguka nyuma: kioo ni kipana, cha pembe nne. Akadhani katapeliwa. Hakutapeliwa. Volkswagen walikuwa wakianza modeli ya mwaka unaofuata mwezi Agosti, na Agosti 1957 ndipo walipoachana na kile kioo cha duaradufu kilichokuwapo tangu 1953. Wakabadili dashibodi pia, na pedeli ya mafuta, iliyokuwa kigurudumu kidogo, ikawa bapa. Kwa hiyo gari laweza kutoka kiwandani 1957 kweli, na bado likawa modeli ya 1958. Angeagiza vile vipuri, angeharibu gari zima kwa kulilazimisha liwe ndugu yake mkubwa.

Tukainua kiti cha nyuma. Namba ya chesisi ya Beetle, yaani ile ya kiwandani ya kulitambulisha gari, si ya kibao cha usajili, imegongwa pale chini, juu ya ule mgongo wa katikati ya sakafu. Hapo hurundikana vumbi, grisi, na mara nyingi rangi ya mtu aliyepuliza bila kufikiri. Usikwangue kwa bisibisi. Chovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, sugua taratibu, pangusa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kivuli ndicho kinachoonyesha tarakimu. Namba hiyo ilingane na ya kibati kilicho mbele, karibu na tairi la akiba. Zisipolingana, au ukikuta kibati kikuukuu kimeshikwa na ribiti mpya, rudisha pesa mfukoni. Namba ya injini ikitofautiana na hati ni jambo jingine: injini ya Beetle hushikwa na boliti nne tu kwenye giaboksi, na nyingi zilishabadilishwa zamani. Hilo ni la kupatana bei, si la kukimbia.

Wengine hukataa gari halali kwa kuwa namba yake ni fupi. Ile namba ya herufi na tarakimu 17 ilianza kuwa sheria Marekani kwa magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake.

Land Rover za zamani nazo zina uongo wake. "Hii haili kutu, bodi ni aluminiamu." Bodi, sawa. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma. Tena pale chuma kinapogusana na aluminiamu, unyevu ukiingia, aluminiamu huchanua unga mweupe. Lala chini ya gari na nguo za kazi, gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi usikilize. Kwa magari ya bati, beba sumaku iliyofungwa kitambaa: isiponata mahali pa bati, hapo pamejazwa puti, ule ujiuji mzito wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Ukimwona muuzaji anakunja uso ulipoitoa, umeshapata nusu ya jibu.

Umelinunua? Piga picha kila kitu kabla hujafungua hata skrubu moja. Usitupe kipuri ulichobadilisha, kiwekee lebo. Zibua vitundu vya kutoa maji chini ya milango. Gari nyingi huozea hapo, si juu. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu, yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Na tafadhali msilifunike kwa nailoni. Nailoni hufungia jasho ndani, gari likaoza huku mwenyewe anajisifu kulitunza. Kitambaa kinachopitisha hewa kinatosha, na paa juu yake.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, haliangalii umri wa miaka 30 tu. Linataka pia gari liwe limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Mng'aro haumo katika masharti hayo.

Sisemi gari lisipakwe kabisa. Kutu ikishatoboa bati, bati likatwe, lichomelewe, lipakwe. Kuacha shimo kwa jina la uasilia ni uvivu. Ila hata hapo nalipaka pale palipokatwa, si gari zima, na rangi naitafuta chini ya dashibodi ambako jua halikufika.

Ombi langu kwako, Mhariri: mara moja moja chapisheni picha ya gari lililochujuka, lenye viti vyake na vioo vyake vya kiwandani, na chini ya picha mwandike namba yake ya chesisi husomwa wapi.

Fundi wa bodi na rangi