Kwa mpwa wangu anayekwenda kusoma Marekani na mzio wa karanga

Mpwa wangu,

Umepata chuo, na nyumba nzima imefurahi. Ila moyo wangu hautatulia mpaka tuzungumze habari ya karanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako wazazi wengine wanaofunga masanduku ya watoto wao msimu huu.

Usidhani kwamba chuo chochote cha huko lazima kiwe na sindano ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Sheria aliyoitia saini Rais Obama Novemba 2013 inayahimiza majimbo yazitake shule za msingi na sekondari ziweke akiba ya sindano hiyo. Vyuo havimo. Kwa vyuo kila jimbo lina utaratibu wake, na mengi yameishia kuviruhusu tu, bila kuvilazimisha.

Hili linaniuma. Vijana wa rika lako ndio walio katika hatari kubwa ya kufa kwa mzio wa chakula, na ndio kwanza wanakula bwaloni, chakula kilichopikwa na watu wasiowajua, na kulala bwenini huku zahanati ya chuo imefungwa. Kwa nini ulinzi ukomee kwenye lango la sekondari?

Kwa hiyo beba sindano zako mbili, mkobani, si chumbani. Mbili, kwa sababu dozi ya kwanza isipotosha, ya pili huchomwa baada ya dakika 5 hadi 15. Angalia tarehe ya kuisha muda, na usiziache kwenye gari juani. Piriton uliyoizoea hupunguza muwasho. Haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha iliyoshuka. Sindano huchomwa pajani, upande wa nje, hata juu ya suruali. Kisha lala chali uinue miguu (ukishindwa kupumua, kaa), usisimame, na mwenzako apige 911, namba ya dharura ya huko. Mfundishe huyo mnayelala chumba kimoja tangu wiki ya kwanza.

Halafu ukiuliza chuo wanayo akiba gani, usiridhike na jibu la “ipo”. Ipo jengo gani? Nani ana ufunguo saa sita usiku? Nani amefundishwa kuichoma? Wakisema hawana, waulize sheria ya jimbo lao inasemaje, maana katika majimbo mengi daktari anaweza kuandika cheti cha dawa kwa jina la taasisi yenyewe.

Nitumie majibu yao. Wakisuasua, tutaandika barua pamoja kwa ofisi ya wanafunzi kabla muhula haujaanza.

Shangazi yako