Bodi ya shule itoe hesabu za kila shule kabla ya kupiga kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ambayo wasomaji kadhaa wamekuwa wakiirudia, kwamba dawa ya shule za umma zilizochoka ni kuwaachia wenyeji wa kila eneo watoze kodi yao na waamue wenyewe matumizi yake. Ninaishi Marekani, nchi inayotajwa mara nyingi kuwa mfano wa utaratibu huo, na wanangu wanasoma katika shule za umma za huku. Siupingi uamuzi wa wenyeji. Ninauthamini, na ndiyo maana ninaumia ninapoona jinsi unavyoweza kubaki jina tupu.

Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na nyingi kati ya hizo zina bodi iliyochaguliwa na wananchi, yenye mamlaka juu ya bajeti. Sehemu kubwa ya fedha hutoka katika hazina ya jimbo na katika kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa papo hapo wilayani. Serikali ya shirikisho huchangia kiasi kidogo. Kasoro ya kodi hiyo ni kwamba kiwango kilekile kinachojaza kapu penye majumba ya thamani huacha kapu karibu tupu penye nyumba za wanyonge.

Ubishi huu ulifika mahakamani mwaka 1968, pale wazazi wa wilaya ya Edgewood, mjini San Antonio, jimbo la Texas, akiwamo fundi wa mabati Demetrio Rodriguez, walipofungua kesi. Hesabu zilizowekwa mbele ya majaji, za mwaka wa masomo 1967–68, zinastahili kusomwa polepole. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao, na baada ya kutoa mchango wa lazima kwa mpango wa jimbo wakabakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, wilaya nyingine ya eneo hilohilo la San Antonio, walijitoza senti 85 tu, wakabakiwa na dola 333. Hata ruzuku za jimbo na za shirikisho zilipojumlishwa, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356 na wa Alamo Heights dola 594. Waliojibana zaidi ndio walioambulia kidogo. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Katiba ya nchi haikuvunjwa, na moja ya sababu zake ilikuwa kulinda uamuzi wa wenyeji. Jaji Thurgood Marshall, aliyekuwa upande wa wachache, alijibu kwamba kama mamlaka hayo yangekuwa ya kweli, ubora wa elimu ungefuata kadiri wapiga kura wanavyojinyima, ilhali Texas mambo yalikuwa kinyume chake. Ilipita miaka 16 ndipo mahakama ya juu ya jimbo lenyewe, mwaka 1989, ikaubatilisha mfumo huo kwa kutumia katiba ya Texas.

Hata hivyo, wilaya ikishapata fedha, lipo jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wilaya nyingi hazizigawii shule fedha taslimu, bali huzigawia nafasi za kazi. Shule mbili zikipewa walimu 30 kila moja, kwenye kabrasha la bajeti zinaonekana sawa, kwa sababu kila mwalimu amehesabiwa kwa mshahara wa wastani. Lakini walimu wazoefu, wenye mishahara mikubwa, mara nyingi huhamia taratibu katika shule zenye utulivu, na shule za watoto maskini hubaki na walimu wanaoanza kazi. Hivyo fedha zinakuwa zimehama bila mjumbe hata mmoja wa bodi kunyoosha mkono. Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka matumizi halisi kwa kila mwanafunzi yatangazwe shule kwa shule, kwa mishahara halisi. Takwimu hizo, basi, zipo. Niliyokuwa nikiyatarajia ni kuziona mezani siku ya kupitisha bajeti.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2024 nilihudhuria kikao cha bajeti cha bodi ya wilaya yetu. Kabrasha lilikuwa na kurasa zaidi ya 200, nasi wazazi tulilipata siku mbili kabla. Kila mmoja wetu alipewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Mama aliyenitangulia aliuliza kwa nini muuguzi wa shule ya mwanawe, aliyekuwa akija kila siku, sasa atakuja siku mbili kwa wiki, ilhali mtoto wake ana pumu na dawa yake ya kuvuta hufungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake anao muuguzi. Aliambiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Nilipekua kurasa nikitafuta nafasi ya muuguzi huyo, nikakuta fungu moja tu la "huduma kwa wanafunzi", jumla moja kwa wilaya nzima. Baadaye nilielezwa kwamba nafasi hiyo ililipiwa na fedha za dharura za UVIKO-19, zile takriban dola bilioni 190 ambazo Bunge la nchi liliidhinisha mwaka 2020 na 2021, na ambazo fungu lake la mwisho lilipaswa kupangiwa matumizi kabla ya Septemba 2024 kwisha. Wilaya iliajiri kwa fedha za mpito katika kazi isiyo ya mpito, na hakuna mzazi aliyeambiwa hivyo siku muuguzi anaajiriwa.

Wasomaji wanaotaka wenyeji waamue ningewaomba wadai mambo haya pamoja na mamlaka hayo: ruzuku inayofidia umaskini wa eneo, na ukurasa mmoja wa hesabu kwa kila shule, unaoonyesha mishahara halisi, nafasi zinazokatwa na chanzo cha kila fedha, utolewe wiki kadhaa kabla ya kura. Ukurasa huo nimeuomba kwa barua kwenye bodi yetu, na yule mama ametia sahihi yake chini ya yangu.

Mzazi na msomaji wako,
Marekani