Jumamosi: Laila, Majnuni na santuri ya 1970

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Kikao kipo palepale barazani Ngamiani, Jumamosi saa 10 jioni. Safari hii taarabu ya Black Star, kundi la hapa Tanga, tunaiweka kando kidogo (wazee msininunie), tusikilize santuri ya kundi la roki la Derek and the Dominos ya mwaka 1970. Wimbo wake mkuu ni "Layla", na huyo ndiye Laila wetu wa Laila na Majnuni, ile hadithi ya mapenzi. Mshairi Nizami wa Ganja aliitunga hadithi hiyo kwa Kiajemi mwaka 1188, beti zaidi ya 4,000. Eric Clapton, mwimbaji na mpiga gitaa wa kundi hilo, alikutana nayo akiwa anampenda mke wa rafiki yake, George Harrison wa Beatles. Ikamchoma.

Kilichonishika mimi ni wimbo mwingine humo, "I Am Yours". Penye majina ya watunzi wameandikwa wawili: Clapton na Nizami! Mtu aliyefariki zaidi ya karne saba kabla. Huku kwetu shairi la mtu linaimbwa arusini miaka na jina lake halitajwi. Tuanzie hapo mjadala.

Jalada nalo halina neno hata moja mbele, ni mchoro tu wa msichana wa nywele za dhahabu na maua. Mzuri, ila Laila si huyo. Jina lenyewe kwa Kiarabu linatokana na usiku.

Spika ya mara iliyopita ilikata roho katikati ya wimbo, kwa hiyo mwenye nzima aseme kabla ya Ijumaa. Kahawa ipo, kashata kila mtu na yake.