Tiketi ibaki ya tarehe 20

Muheza, 16 Novemba 2025

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, mgongo wangu ndio ule ule, na mvua za vuli zinakuja kwa kusuasua. Nimeipata ile karatasi ya mwalimu wa Yusufu uliyonirushia juzi. Umenirushia bila kuisoma, na najua hivyo kwa sababu ungeisoma usingeandika chini yake kwamba Desemba hawana cha maana, wanacheza tu, na kwa hiyo mnakuja tarehe 5. Mimi nimeisoma na kamusi mkononi, na pale kamusi iliponishinda nikamwita Musa anisomee.

Usimtoe mtoto shule. Nalisema mwanzo ili usije ukasema nilizunguka.

Wanafunga Ijumaa tarehe 19. Wewe unataka kupanda ndege tarehe 5. Hapo katikati kuna siku 10 za masomo. Nilipokuwa nafundisha la kwanza na la pili nilikuwa nawasikia wazazi wakisema wiki za mwisho ni za kufyeka majani na kupiga deki madarasa, na kwa kwetu walikuwa na haki, maana Desemba kwetu mwaka umekwisha na mwalimu anajaza ripoti. Huko kwenu Marekani mwaka wao umeanza Septemba. Desemba ndiyo somo limekolea.

Tazama hesabu. Karatasi inasema wanatoa namba za tarakimu mbili, zile za kukopa kwenye makumi. Chukua 52 toa 27. Mbili haimtoshi saba, kwa hiyo mtoto aende kwenye makumi matano, achukue kumi moja, aifungue iwe mamoja kumi, sasa ana mamoja 12. Watoto wanakwama hapo hapo. Mtoto akiona mbili haitoshi anageuza, anatoa mbili kwenye saba, anakuletea 35, na anakutazama usoni kwa uhakika kabisa. Kosa hilo ukilikuta siku ile ile linatoka kwa vijiti na visoda. Ukiliacha wiki mbili linaota mizizi, utalikuta darasa la nne limevaa suruali ndefu. Wao wana vijiti vya plastiki vilivyounganishwa kumi kumi, vizuri kweli, lakini mtoto anakwama pale pale tulipokwama sisi.

Utasema, si bibi yake ni mwalimu, atamfundisha akija. Hesabu ningeweza. Kusoma siwezi, na kusoma ndiko kunakonikosesha usingizi. Mimi nilifundisha ba be bi bo bu. Mtoto wa Kiswahili akishashika silabi, mpe gazeti atakusomea hata habari za soko la fedha asizozielewa. Kiingereza hakiendi hivyo. Herufi a ina sauti hii kwenye neno hili, sauti ile kwenye lile, na wiki hizi mwalimu anafundisha irabu zinazokwenda mbili mbili, ai na ea na oa, zipi zinafuata kanuni na zipi zimeasi. Musa kanisomea kwamba jimbo lenu la Minnesota mwaka 2023 walitunga sheria kabisa ya kusoma, walimu wafundishe sauti na herufi kwa mpangilio, mtoto asiachiwe kubahatisha neno kwa kutazama picha. Nilicheka peke yangu. Wamezunguka weee, wamerudi kwenye silabi. Lakini ubaya wa kufundisha kwa mpangilio ni kwamba akikosa hatua ya saba, ya nane haimkai. Nani atampa hiyo ya saba huku Muheza? Mimi na kamusi yangu?

Najua nauli ya tarehe 5 ni rahisi. Najua na harusi ya Mwanaidi ni Jumamosi tarehe 13, na kwamba sare umeshashona. Mama yake nimeshaongea naye, alinuna kidogo, kisha akaelewa. Mchango wako nimeshaukabidhi kwa mweka hazina wa kamati na jina lako limesomwa kwenye kikao. Mwanaidi anaolewa Korogwe, haolewi ng'ambo. Mkija tarehe 21 mtapanda basi mtamkuta kwake, tena atakuwa amepumzika na ana sufuria zake mwenyewe, atawapikia. Video ya harusi itakuwepo. Na ile tofauti ya nauli nitachangia mimi, hela ya machungwa ikitoka.

Halafu kuna hili jedwali. Sijui kama unalijua, maana unarudi asubuhi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee na kulala. Darasa lao linaandika kila siku jua linachomoza saa ngapi na kuzama saa ngapi, ili waone siku inavyofupika kwenda kwenye ile siku fupi kuliko zote, ambayo mwaka huu ni Jumapili tarehe 21 Desemba. Huko Minneapolis siku hiyo mwanga wote hautatimia hata muda wa saa tisa. Saa kumi na nusu hivi jioni jua limezama! Mimi saa hiyo ndiyo kwanza natoka na jembe. Mwalimu kawaambia wenye ndugu nchi nyingine walete na saa za huko, na Yusufu kaleta za Muheza. Kila akinipigia ananiuliza, "Bibi, leo jua?" Namwambia nilivyoona.

Mara ya kwanza nilimwambia limechomoza saa kumi na mbili. Akaandika 12. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza, akamuuliza kama Tanzania kunakucha saa sita mchana. Basi ikabidi asimame mbele ya wenzake aeleze kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa jua likishatoka, na kukipambazuka saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja. Kanisimulia mwenyewe. Anasema kuna mtoto alibisha, akamchorea saa ubaoni akaielekeza mishale chini juu. Rehema, huyu ndiye yule mtoto uliyeniambia mwaka jana kwamba shuleni hafungui mdomo.

Halafu akanieleza kwa nini. Aliweka chungwa mbele ya simu, akamulika tochi, akaliinamisha. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, akasema, na Desemba ncha ya juu imelipa jua mgongo, ndiyo maana wao wana giza na baridi, na bibi yuko karibu na katikati, yeye hata chungwa likiinama mwanga wake haupungui. Nikamwambia kweli, kwetu kutoka Januari hadi Januari tofauti ni ya dakika, sijawahi hata kuiwazia. Sasa ukimtoa tarehe 5, safu ya Muheza itabaki tupu ukutani kwa wiki mbili, na wengine wote safu zao zimejaa. Utasema ataijaza akiwa huku. Ataijaza kwenye daftari, peke yake, na nani wa kubishana naye?

Tulia hapo kwenye kubishana. Mimi naweza kumpa mtoto chakula na hadithi na joto la jua. Siwezi kumpa watoto ishirini na kitu wa umri wake wanaofanya hesabu ile ile saa ile ile.

Karatasi inasema pia wanakata theluji za karatasi. Nilidhani ni mchezo, nikachukua karatasi nikajaribu mezani. Ukikunja nusu, na nusu, na nusu tena, ukikata unapata ncha nane. Theluji ya kweli ina sita, maji yakiganda yanajipanga hivyo yenyewe. Kupata sita inabidi ukunje nusu kwanza, kisha hiyo nusu uigawe sehemu tatu sawa, na hapo ndipo vidole vinapogombana. Kumbe mkasi wote ule ni somo la sehemu, nusu na theluthi. Na wanasomeshwa habari za mkulima mmoja wa Vermont, Wilson Bentley, ambaye mwaka 1885 alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha chembe ya theluji, akaendelea hadi akawa na picha zaidi ya 5,000. Mkulima tu, kama babu yako. Yusufu anasema siku theluji ikianguka mwalimu anawatoa nje na vitambaa vyeusi vilivyogandishwa, chembe zitue juu yake wazitazame kwa kioo cha kukuza kabla hazijayeyuka. Hilo nalo nitampa mimi?

Kwa haki nikwambie na upande wako. Ijumaa ya mwisho imeandikwa waje na nguo za kulalia, wanywe kakao na kutazama filamu. Siku hiyo moja sikatai, ni mchezo. Lakini usiivute kamba ukaniletea wiki mbili kwa ajili ya kakao.

Kuhusu lile la Kwanzaa. Kila mtoto anaeleza sikukuu moja ya wiki hizi za baridi. Kuna mwenye Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, inaanza tarehe 14 jioni, kuna mwaka mpya wa Wahmong, watu wenye asili ya Asia, na Yusufu wamemwandika Kwanzaa kwa sababu anajua Kiswahili. Nimecheka, lakini nimeshamwandaa. Asiseme bibi anawasha ile mishumaa saba ya Kwanzaa. Bibi akiwasha mshumaa ujue umeme umekatika. Aseme kweli: ni sikukuu ya Wamarekani weusi, aliianzisha Maulana Karenga kule California mwaka 1966, inaanza tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na walichagua maneno ya Kiswahili kwa nguzo zao saba. Azitamke vizuri, Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Ujamaa nimemwelezea kidogo, nikajikuta nimefika vijijini na mistari ya kununua sukari, nikamwacha aende kulala. Zamu yake ni tarehe 17. Tarehe 17, Rehema. Atamwachia nani?

Na mahudhurio. Wewe unafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, unajua huko kila kitu kinaandikwa. Mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za shule wanamweka kwenye hesabu ya wanaokosa kupita kiasi, na hawajali kama ulimwombea ruhusa au la. Ongeza hizi 10 juu ya zile za tetekuwanga, kisha uniambie yuko wapi, na mwaka haujafika nusu.

Usinikumbushe tulivyokutoa shule darasa la nne kwa ajili ya yale machungwa. Siku zile zilikuwa nyingine, na baba yako ndiye aliyeamua, ingawa barua ya ruhusa iliandikwa kwa mkono wangu.

Jambo jingine dogo. Yusufu kaniambia mkutano wa wazazi na mwalimu ulipita hukwenda. Najua ulitoka zamu. Sikulaumu kwa zamu, zamu hizo ndizo zilizoezeka nyumba hii, na nikipita sokoni naambiwa "mama Rehema, binti yako kakujengea", nafurahi. Lakini mwalimu akimwona mzazi mara moja, mtoto yule hamsahau. Nenda hata dakika kumi, hata na sare zako za kazi. Muulize mambo mawili tu: Yusufu anakopa sawasawa kwenye makumi, na anasoma neno geni kwa kulitamka au kwa kubahatisha? Ukipata jibu niandikie.

Huku mabati ya upande wa jiko yanavuja tena, fundi anataka misumari mipya na mpira, anasema ya mwanzo ilipigwa vibaya, na aliyeipiga ni yeye. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Dalali wa machungwa amekuja na bei ya kunichekesha, nikamwambia apite wiki ijayo. Mkwe wa jirani bado hajarudisha toroli. Dawa zangu za presha zipo hadi mwisho wa Desemba, usihangaike nazo.

Vya kuleta ni vichache. Msilete midoli. Yusufu aje na daftari lake la hesabu na kitabu anachosoma sasa, nataka anisomee kwa sauti, hata nisipoelewa. Muondoke Jumamosi tarehe 20. Siku yenyewe fupi itamkuta hewani, aandike atakavyoona dirishani. Nitumie urefu wa mguu wake, umpime amesimama kwenye karatasi, kuna viatu nimeviona Tanga mjini. Na miwani yangu ya kusomea ni namba mbili na nusu. Uliyoniletea mara ile ilikuwa tatu, maandishi yanaruka.

Musa anasubiri apige picha kurasa hizi akutumie, simu yake inakaribia kuzima.

Mama yako