Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: na ya kutolea aiweke nani?

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo. Kama umri wangu umekuzidi, basi ipokee kwa ajili ya cheo.

Nina genge Tandika, wilaya ya Temeke. Nauza nyanya, vitunguu, hoho, karoti, ndimu, nazi, mchicha kwa anayewahi, na vile vipakti vya viungo vinavyoning'inia kwenye kamba. Mbele ya meza nimebandika Lipa Namba, ile namba ya mteja kunilipa kwa simu. Nimeiandika kwa maka peni, tarakimu kubwa kubwa, hata aliyesahau miwani nyumbani anaisoma. Nalisema hili mapema usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa kulalia pesa chini ya godoro. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wanaposhuka daladala, wengi wananilipa kwa simu, nami nashukuru. Zamani nilikuwa nazunguka mtaa mzima kutafuta mia mbili ya chenji, nikiikosa nampa mteja ndimu, naye ananuna kwa sababu hakuja kununua ndimu.

Shida yangu inaanza saa kumi alfajiri.

Saa hiyo naamka kwenda Soko la Stereo kuchukua mzigo. Mauzo ya jana yako kwenye simu, yametulia, yanapendeza kuyaangalia. Lakini mwenye tenga la nyanya hataki simu. Si ukaidi, mimi namwelewa. Ana dereva wa fuso anayemdai, ana wapagazi wanaotaka chao papo kwa papo, na huko Ilula mkulima anasubiri awalipe vibarua waliochuma, ambao nao wanataka waione hela mkononi kabla jua halijazama. Basi natafuta wakala aliyefungua alfajiri hiyo. Nikimpata, mara nyingi hana taslimu ya kutosha. Ananitolea nusu, nusu nyingine niifuate kwa mwenzake, na kutoa mara mbili ni kukatwa mara mbili. Makato ya kutoa elfu hamsini peke yake yanatosha nauli yangu ya kwenda Stereo na kurudi, na chenji inabaki.

Unaujua msemo wetu wa kila siku: "Nitumie na ya kutolea." Mtoto akiomba hela ya shule, anasema na ya kutolea. Shemeji akikopa, na ya kutolea. Ni adabu iliyozaliwa kwenye simu: anayetuma anambebea mwenzake makato. Sasa mteja wa nyanya za buku nimwambie aweke na ya kutolea? Atahamia genge la jirani, hatua sita kutoka kwangu. Nikipandisha bei ya fungu, ni yale yale, atahama. Kwa hiyo ya kutolea naiweka mimi, siku sita za wiki. Mteja ananilipa kwa simu, mwenye tenga anataka noti, na anayesimama kwenye kona ya kubadilisha ni mimi. Kila siku naambiwa kulipa kwa simu ni rahisi. Ni rahisi kweli, ila huo urahisi unalipiwa na mtu, na mtu mwenyewe anauza mchicha.

Utaniambia nisitoe, nilipe kwa simu kila ninapokwenda. Ndivyo ninavyotaka. Lakini mwenye tenga akikubali, kona ya kubadilisha inahamia kwake, atoe ili amlipe mpagazi. Na mpagazi analipwa buku kwa mzigo. Ukimtumia buku kwa simu unakatwa, naye akitaka kuitoa anakatwa. Nani mwenye akili atafanya biashara hiyo? Mpagazi hajawahi kukataa teknolojia, ana simu mbili mfukoni. Amepiga hesabu tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa zile hela ndogo, za mpagazi, za mama lishe, za bodaboda, za fungu la nyanya. Kuzituma, kuzipokea na kuzitoa kusiwe na makato. Siombi jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani. Machi 2020, korona ilipoingia, Kenya ilifuta makato ya kutumiana kwa simu hadi shilingi 1,000 zao, ikawa hivyo mpaka Desemba mwaka ule. Rwanda nao wakafuta yao kwa miezi mitatu. Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ya Brazil ikaanzisha mfumo wake unaoitwa Pix, na mtu wa kawaida kule hakatwi kumtumia mwenzake. Mfumo ni mali ya benki kuu yenyewe, ndiyo maana iliweza kusema neno likasikika. Wewe nawe una TIPS, mfumo wako mwenyewe, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu.

Tena sisi si watu wa nyuma katika mambo haya. Mwaka 2014 mitandao ya hapa ilianza kufunguliana milango, ukiwa na laini hii unamtumia mwenye laini ile, wakati nchi nyingi bado walikuwa wanalindana kama majirani wenye ugomvi wa mpaka. Tulitangulia kwenye njia. Kwenye makato tumebaki tumekaa.

Na tulishaona mtu akikatwa sana anafanya nini. Tarehe 15 Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kabla ya ile ya kampuni yenyewe, nilimwita fundi seremala akanitengenezea kibubu. Najua tozo ile ilikuwa ya Hazina na Bunge, haikutoka mezani kwako. Najua pia ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Lakini nina wateja waliorudi kwenye noti mwaka ule na mpaka leo hawajageuka. Kibubu changu nacho bado ninacho, kiko uvunguni.

Sasa nije upande wa pili, maana wakati mimi nakatwa kwa kutaka noti, kuna mahali noti yenyewe imekataliwa.

Siku moja nilikwenda kwenye dirisha moja la huduma ya umma, sitalitaja, sikuja hapa kuchongea watu. Mbele yangu kulikuwa na mzee, kofia ya kiua, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alitakiwa kulipa elfu kumi na tano. Akafungua kitambaa, akatoa msimbazi mmoja na elfu tano moja, akazinyoosha kwa kiganja juu ya kaunta. Dada wa dirishani akamwambia hapokei taslimu, alipe kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali inayolipiwa kwa simu au benki. Mzee akauliza, "Hii si hela, mwanangu?" Dada akasema ni hela, ila hapa haipokelewi. Simu ya mzee ilikuwa kitochi, haina salio, na akaunti ya pesa hajafungua. Pembeni walikuwepo vijana wawili, kazi yao kutwa ni kulipia watu kama yeye: unawapa noti zako, wanakulipia kwa simu yao, unaongeza buku lao. Mzee alilipa elfu kumi na sita. Akaondoka amekunja kile kitambaa polepole, kana kwamba ndicho kilichomkosea.

Sikumlaumu dada, ameagizwa. Najua sababu ya agizo pia: taslimu inaibiwa, taslimu haina risiti, na wapo watumishi waliokuwa wanafungua droo mbili, moja ya serikali na moja yao. Hiyo nakubali kwa mikono miwili. Ila dawa ya mwizi wa ndani isimtoze mzee wa nje.

Kinachonishangaza ni hiki. Machi 2025 zilitoka kanuni, bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi, dola ikae pembeni. Tulipiga makofi. Miezi ile ile, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, mlitupa nafasi ya kubadilisha noti za zamani zilizokuwa zinaondolewa. Mama mkwe wangu alifungua sanduku lake, chini kabisa, chini ya doti za kanga ambazo hajawahi kuzivaa, akatoa furushi la noti ambazo wajukuu walidhani ni za mchezo. Tukazipeleka benki. Zilipokelewa, zikahesabiwa, akapewa mpya, hakukatwa hata senti. Noti inayokwenda kuzikwa ilipewa heshima yake dirishani. Ya mzee yule, nzima kabisa na yenye jina la benki yako juu yake, ikarudishwa.

Sisemi kila dirisha liwe na droo la hela. Hata kama kwa wakala mmoja pale pale ndani ya jengo, anayepokea noti na kulipia bila kuongeza buku lake, mimi nitaridhika. Lakini liwe agizo lenye sahihi yako, lisiachwe kwa huruma ya anayekaa dirishani.

Kuna jambo jingine utaliona dogo, nalo ni saa.

Binti anayenisaidia gengeni alikuwa na mwezi mmoja tangu atoke kijijini. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kliniki. Akaja ustadhi, mwalimu wa madrasa ya mtaani, akasema jana saa tatu alilipia nazi nne akaambiwa azifuate baadaye. Binti akashika simu ya biashara, akatafuta meseji ya saa tatu. Akaona ya 2:51, akaona ya 3:20, zote za watu wengine. Mbele ya foleni akamwambia ustadhi aache ujanja. Nimerudi nikaikuta meseji bila shida: jina lake, kiasi sawasawa, 9:04 AM. Saa tatu na dakika nne asubuhi, kama alivyosema. Nilimfuata nyumbani kwake na nazi sita, nikapokelewa vizuri, lakini mke wake alinitazama mpaka leo naona haya kupita pale.

Sote tunajua hesabu yake, unaongeza sita au unatoa sita. Mchana ukiwa umetulia unaifanya bila kufikiri. Jioni, watu wanane wamesimama, mmoja anasema "nimeshatuma mama," na unaogopa meseji za kughushi maana matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wameshatuzoeza kushuku kila kitu, kichwa kinagoma. Jirani yangu muuza chipsi ana kisa chake. Anafungua saa kumi na moja jioni, anafunga saa nane usiku. Kwake hiyo ni siku moja ya kazi. Taarifa ya simu inamkatia katikati saa sita usiku, nusu ya mauzo inaandikwa jana na nusu leo, na kila mwisho wa wiki anakaa na daftari kuziunganisha kama anashona gunia.

Watu wa kampuni watasema mitambo ndivyo ilivyo. Nina mpwa wangu Ujerumani. Kule kila Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma. Wao wenyewe wamechoka, Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 waache, na bado wanasogeza. Mimi hapa sisogezi chochote, lakini yeye anayenipigia akitoka kazini, kuna miezi tunapishana saa moja na kuna miezi tunapishana saa mbili. Nilimuuliza kama huwa anakumbuka kubadilisha. Akacheka: "Shangazi, simu inabadilika yenyewe usiku nikiwa nimelala." Kama simu inajua kufuata desturi ya Wajerumani usingizini, itashindwaje kuandika kwenye meseji ya malipo "saa tatu na dakika nne asubuhi"? Iandike zote mbili, ya kwao na ya kwetu, mimi sina choyo. Risiti ni ushahidi, na ushahidi lazima anayeshitakiwa nao ausome.

Mheshimiwa, ukipata nafasi, shuka kutoka kwenye yale majengo marefu ya Mtaa wa Mirambo alfajiri moja, uje Stereo bila msafara. Njoo na simu tu, pochi iache nyumbani. Jaribu kununua tenga moja la nyanya na kumlipa mpagazi wa kulifikisha kwenye bajaji.

Naishia hapa, simu inaita. Ni mwenye tenga, anakumbusha kesho niwahi, mzigo umeshapita Morogoro, na nisisahau kuja na taslimu.

Muuza genge,
Tandika, Dar es Salaam