Muuza madera wa Lamu amtazame jirani kabla ya mtalii

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu wale wanaowashauri wanawake na vijana wa Lamu, kwa nia njema lakini kwa haraka, wafungue maduka ya mavazi ya Kiafrika kwa sababu mji wetu unapokea wageni. Ushauri huo hutolewa na maafisa mikutanoni na hurudiwa na jamaa zetu walioko Nairobi. Mimi ni mama ninayeuza nguo hapa Langoni, na nimeona maduka ya namna hiyo yakifunguliwa Disemba na kufungwa kabla masika hayajaisha. Biashara yenyewe si mbaya, na wala sitaki kumvunja moyo anayeitamani. Ubaya ni kumwekea bidhaa mtalii ambaye hajafika, huku mama wa mtaa jirani wa Mkomani anayetafuta nguo za binti zake watatu kabla ya Idi akiambiwa saizi zake hazipo.

Mtalii ni mteja wa msimu. Huja kwa wingi kuanzia Disemba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, hurudi Julai na Agosti, na katikati, mvua zinapoanza, baadhi ya hoteli za Shela hufunga milango. Mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 yalifuatwa na amri ya kutotoka nje usiku, na mwaka 2020 korona ikasimamisha ndege. Nyakati zote mbili aliyekuwa na rafu zilizojaa vikoi vya wageni alikaa navyo. Hata akija, mtalii hununua kikoi kimoja au leso moja ya kujifunga ufuoni, akaenda zake. Watu wa mji wana kalenda yao isiyotegemea uwanja wa ndege wa Manda: Idi mbili, Maulidi ya Mfungo Sita ambayo hujaza wageni wa kwetu kutoka pwani yote, na harusi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazomlisha muuza nguo wa Lamu.

Nieleze kidogo juu ya harusi, kwa kuwa hapo ndipo penye faida wasiyoitaja washauri. Harusi yetu ina shughuli kadhaa za wanawake, na kila shughuli huweza kuwa na sare yake: jamaa wa bibi harusi na rangi yao, jamaa wa bwana na yao, na marafiki wa kike wa bibi harusi na yao. Binti anayeanza akipata agizo la sare ya wanawake 20, kila mmoja yadi 4, anahitaji yadi 80 za kitambaa cha aina moja. Akipokea arbuni ya nusu ya bei kutoka kwa kila mmoja, kitambaa kinanunuliwa kwa fedha za wateja wenyewe, naye hana haja ya kukopa wala hatabaki na marobota chini ya kitanda. Lakini kazi hiyo inataka nidhamu. Achukue vipimo kwa mkono wake, asikubali kutumiwa kwa simu na mtu aliyejipima mwenyewe. Aandike kila kitu daftarini. Wakubaliane mapema kwamba kitambaa kikishakatwa arbuni hairudi. Na aongeze yadi kadhaa za akiba, kwa sababu fundi akikosea mkono mmoja, kitambaa cha maua yale yale hakipatikani tena hapa kisiwani, na hata Mombasa huenda kimekwisha. Fundi naye apewe tarehe iliyotangulia harusi kwa wiki nzima. Wiki ya mwisho kabla ya Idi hata umwendee fundi na mama yako mzazi, hapokei kazi mpya.

Njia ya pili, ambayo ndiyo wengi huianza, ni kusafiri hadi maduka ya jumla ya Biashara Street mjini Mombasa, au Eastleigh kule Nairobi, na kurudi na mzigo wa madera yaliyokwisha kushonwa. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ana mtaji wa shilingi 40,000. Shilingi 5,000 zinakwenda kwa nauli kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, mashua ya kuvukia Amu, yaani Lamu mjini, chakula, malazi na ujira wa wachukuzi. Zinazobaki, 35,000, zinanunua madera 50 kwa shilingi 700 kila moja, na ukigawanya gharama ya safari, kila dera limekufikia kwa 800. Ukiliuza kwa 1,000 unapata 200, na yote 50 yakiuzwa kwa taslimu umepata 10,000. Sasa chukulia kwamba madera 10 kati ya hayo umewakopesha majirani na jamaa ambao hawakulipa: umekusanya 40,000, yaani umerudi pale pale ulipoanzia, na kodi ya chumba bado hujailipa. Kukopesha ni desturi yetu na aibu yetu pia, kwa kuwa ni vigumu kumdai shangazi. Anayeanza na aseme tangu siku ya kwanza kwamba nguo hutoka dukani ikishalipwa, au ilipwe kidogo kidogo ikiwa bado imewekwa kabatini kwa jina la mnunuzi. Watanuna wiki mbili, kisha watazoea.

Kuhusu bidhaa zenyewe, leso ina hukumu yake. Mnunuzi wa Lamu hutazama pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, lakini hasomi bei kabla hajasoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Leso za dua na pongezi hununuliwa kwa zawadi mwaka mzima. Zile za mafumbo hutoka kwa kasi zikiwa mpya, na zikishazoeleka hakuna anayezigusa, kwa hiyo usinunue kwa wingi kwa sababu tu muuzaji wa jumla amekupunguzia. Ulizia pamba, na uilowanishe ncha ukaikamue juu ya kitambaa cheupe kabla hujalipa, kwani leso inayochuja rangi itarudishwa dukani pamoja na shuka iliyoharibika. Ukifika nyumbani, kumbuka kwamba hewa yetu ya chumvi na vyumba vya mawe huleta koga kwenye nguo zilizokunjwa muda mrefu, na jua la barazani hupausha upande mmoja wa dera lililotundikwa kwa wiki chache tu. Nimeona nguo nzuri ikiuzwa kwa hasara kwa sababu hiyo peke yake.

Wapo watakaosema kwamba vitenge na leso si vya Kiafrika kwa asili. Ni kweli kwamba kiwanda cha Vlisco kilianza Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, kikiigiza batiki za Java, na leso nyingi tunazovaa zimechapishwa India, hata zile zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887. Mabishano hayo tuwaachie wenye nafasi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba pamba inalimwa Mpeketoni, ndani ya kaunti hii hii, nasi tunanunua kitambaa kilichovuka bahari. Palipo na mkono wetu dhahiri ni kwenye sindano. Wanawake wa Lamu, Siyu na Pate wanaotoboa kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, wanaijua kazi ambayo hakuna mzigo wa Eastleigh unaoweza kushindana nayo, na dera la kawaida likitiwa tarizi ya mkono shingoni na mikononi halilinganishwi tena kwa bei na la duka la jirani. Huyo ndiye mshirika ambaye mwenye mtaji mdogo angemtafuta mwanzo, na amlipe ipasavyo.

Juu ya mikopo nitasema machache. Hazina ya Hasla ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoa mkopo wa binafsi wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, unaorejeshwa ndani ya siku 14. Nguo haiuziki yote kwa siku 14, na wengi wetu hatutaki riba, iwe ndogo au kubwa. Mchezo, yaani upatu wa kuchangiana fedha kwa zamu, wa wanawake wa mtaa mmoja, wanaojuana na kuaminiana, umefungua maduka mengi kimya kimya kuliko mkopo wowote ninaoujua. Na anayetangaza bidhaa kwa simu, jambo jema na la gharama ndogo, asipige picha za wanawake kwenye shughuli za harusi akaziweka mtandaoni ili kuonyesha sare aliyoiuza. Mbali na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data, mji huu mdogo hautamsamehe.

Nimalizie na serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti masoko, leseni za biashara, utalii wa mahali na vyama vya ushirika, kwa hiyo mambo haya hayahitaji kusubiri Nairobi. Mamlaka ya mapato yenyewe haimtozi kodi ya mauzo ya asilimia 3 mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 1 kwa mwaka. Iweje mama anayeshonea chumbani kwake na kuuza madera machache kwa mwezi aogope askari wa kaunti? Pawe na daraja la leseni kwa wanaouzia nyumbani, na anayeanza katikati ya mwaka alipie miezi iliyobaki tu. Tena, sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makampuni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mwaka 2019 serikali iliwataka watumishi wa umma wavae mavazi yaliyotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Iwapo wafanyakazi wa kaunti wangeshonewa mashati na madera ya Ijumaa na mafundi wa Amu, Faza na Mpeketoni, vikundi vyetu vingekuwa na kazi hata Mei, wakati ambapo Shela hakuna mtu.

Ningeshukuru sana iwapo afisa anayehusika na biashara katika kaunti angejibu kupitia ukurasa huu na kutueleza mambo mawili: leseni ya mwenye kuuza nguo nyumbani ni kiasi gani, na ni zabuni ngapi za ushonaji zilizokwenda kwa vikundi vya wanawake wa Lamu mwaka uliopita.

Wako,
Mama muuza nguo,
Langoni, Lamu