Risala ya Chama cha Kompyuta kwa Mgeni wa Heshima: Jani la Muhogo na Mashine Inayoona

Mgeni wetu wa heshima, Daktari, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Kwa niaba ya Chama cha Kompyuta cha shule hii, ninakukaribisha Busia. Tulipoarifiwa kwamba mtafiti wa uoni wa kompyuta, yaani elimu ya kuifundisha mashine kutambua kilichomo pichani, angekuwa mgeni wetu katika siku ya sayansi, tulikaa kikao mara mbili kuamua tukuambie nini. Tukakubaliana tuseme juu ya jambo moja ambalo limetushughulisha mwaka mzima, nalo ni muhogo.

Hapa kwetu unga wa muhogo huchanganywa na wa mtama ukasongwa ugali, na wengi walioketi mbele yako karo yao hutoka katika mihogo iliyokaushwa. Maradhi mawili yanautesa mmea huu. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia ina hila zaidi, kwa kuwa mmea huweza kusimama na majani yake vizuri tu, kumbe mizizi inaoza ardhini. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia vijiti vya kupandia ambavyo jirani humpa jirani kwa moyo mwema.

Daktari, katika muhula wa kwanza mama wa mwanachama wetu mmoja alituomba tumsaidie kujua shamba lake lina nini. Majani, alisema, yamejikunyata. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo mwalimu mlezi wa chama alitupa yake. Tulipiga picha, tukaipeleka kwenye programu moja ya mazungumzo inayopokea picha, tukauliza kwa Kiswahili. Ilijibu kwa ufasaha kwamba mmea umekosa rutuba ya naitrojeni. Tukauliza tena: inzi weupe walio kwenye jani ni wangapi? Ikasema saba. Tuliligeuza lile jani mbele na nyuma, hatukuona inzi hata mmoja. Afisa wa kilimo alipofika baada ya wiki mbili alisema ni batobato. Mama alikuwa amekwisha kununua mbolea, kwa ushauri tuliompa sisi.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma kwa bidii. Tulijifunza kwamba modeli, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi kama ile tuliyoiuliza, hukata picha vipande vipande. Katika njia iliyoanzishwa mwaka 2020, picha ya pikseli (vinukta vya rangi) 224 kwa 224 hukatwa vipande 196, kila kimoja cha pikseli 16 kwa 16, na kila kipande kikageuzwa safu ya namba. Namba hizo huwekwa pamoja na namba za maneno ya swali, kisha modeli kubwa ya lugha hukisia neno linalofuata, na linalofuata tena, mpaka jibu likamilike. Kuoanisha picha na maneno hufundishwa kwa jozi nyingi mno. Modeli ya CLIP, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2021, ilifunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo zilizokusanywa kutoka intaneti. Tukaanza kuwaelewa wale inzi saba. Swali letu lenyewe lilikuwa limekwisha kusema kwamba inzi wapo, na modeli ikayafuata maneno yetu ikaliacha jani.

Kuhusu lile jibu lililomfanya mama anunue mbolea, utafiti wa Mohanty, Hughes na Salathé wa mwaka 2016 ulitufumbua macho. Walifunza modeli kutambua maradhi ya mimea kwa picha 54,306 za majani, nayo ikapata asilimia 99.35 katika jaribio. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 31. Majani ya mafunzo yalikuwa yamechumwa na kulazwa juu ya karatasi ya kijivu au nyeusi. Shambani kwetu hakuna karatasi. Kuna vumbi, kivuli, kwekwe na mkono wa mtu. Katika mazao 14 ya mkusanyo ule mna tufaha, zabibu, stroberi, nyanya, viazi na mahindi. Muhogo haumo. Mwenzetu aliyekuwa akitusomea orodha alirudi juu akaanza upya, akidhani ameruka mstari. Hatusemi kwamba programu tuliyoitumia ilifunzwa kwa picha zizo hizo. Tunasema mashine huona vyema kile ilichoonyeshwa, na mashamba yetu haijaonyeshwa vya kutosha.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wametutangulia. Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, walikusanya picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao, wataalamu wakazitambua moja moja, na mwaka 2020 zikatolewa ili watafiti wa dunia nzima washindane kufunza modeli ya kutambua maradhi hayo. Kampala ni safari ya basi tu kutoka hapa.

Nasi tumeanza. Jumamosi mbili za kila mwezi tunakwenda katika mashamba ya wazazi waliotukubalia, tunapiga picha ya mmea mzima, ya jani mbele na nyuma, na ya mzizi uliopasuliwa wakati wa kuvuna. Chini ya kila picha tunaandika maneno ya mwenye shamba kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, Kiteso au Kisamia. Neno kama kujikunyata tunalithamini sana, maana ndilo mkulima atakaloliandika anapouliza.

Ombi letu kubwa kwako, Daktari, ni mtaalamu wa maradhi ya mimea wa kuthibitisha lebo zetu, yaani jina la ugonjwa tunaloipa kila picha. Picha yenye jina la uongo ni hasara kuliko kutokuwa na picha, na sisi tumekwisha kumkosea mama mmoja. Tunaomba pia simu chache zenye kamera nzuri, ziwe mali ya chama, na utuongoze namna ya kuwaeleza wazazi picha zao zitakwenda wapi na nani atazitumia.

Baada ya chakula, tafadhali tembea nasi hadi kwenye shamba la shule nyuma ya bwalo. Katika mstari wa tatu kuna mmea ambao sisi wenyewe hatukubaliani una nini, na tungependa uutazame kabla jua halijashuka.

Ahsante.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Kompyuta. Imesomwa na katibu, Kidato cha Tatu.